Upepo Umepita, Bati Limeondoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nyumba na Bustani Baada ya Dhoruba

Majibu haya ni ya nyumba za kawaida za pwani ya Tanzania, kuanzia Mtwara na Lindi hadi Kilwa, Mafia na Dar es Salaam: ukuta wa tofali au wa miti na udongo, paa la bati au makuti, na nyuma ya nyumba minazi, migomba, mwembe na kisima. Jambo lililojibiwa kwingine limetajwa kwa namba ya swali lake.

## Saa za kwanza

1. Vimbunga si vya Msumbiji na Madagaska? Kwetu hufika kweli?

Mara chache, lakini hufika. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa mikarafuu na minazi kwa wingi. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana baadaye karafuu nyingi zikawa zinatoka huko. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, baada ya watu wa Mtwara kuwa wameshatakiwa kuhama mabondeni. Jobo cha Aprili 2021 kilinywea baharini kabla ya kufika. Hidaya kilifika: kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa.

Tumekaa karibu mno na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hautoshi kuusokota upepo hadi uwe kimbunga kamili, na Madagaska hupokea mapigo mengi kabla yetu. Ila tusijidanganye. Paa nyingi za pwani haziondolewi na vimbunga vyenye majina. Huondolewa na upepo wa robo saa unaotangulia mvua ya masika, ambao hautangazwi na hakuna anayeukumbuka mwaka unaofuata.

2. Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa: tofauti yake nini?

Ni ngazi za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), kutoka njano, chungwa hadi nyekundu. Kwenye angalizo, funga vilivyo huru uani na ujaze ndoo maji. Kwenye tahadhari, amua mtalala wapi ikiwa nyumba haiaminiki. Kwenye tahadhari kubwa uwe umeshahama, si ndiyo kwanza unatafuta mfuko wa vyeti.

3. Upepo umetulia. Nianze na nini?

Anza kwa kutofanya kitu. Kaa ndani mpaka uhakikishe kuwa umetulia kweli, kwa sababu katikati ya kimbunga huwa kuna utulivu wa muda, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili. Ukitoka vaa viatu vyenye soli ngumu. Baada ya dhoruba ua huwa umejaa misumari na vipande vya bati chini ya majani, na kidonda cha msumari mchafu kinahitaji sindano ya pepopunda.

Kisha tazama kwa mpangilio huu: watu, waya za umeme, ukuta unaoinama, paa, maji ya kunywa. Bustani ni ya mwisho. Mwembe ulioanguka leo utakuwa pale pale kesho kutwa, na kama haujazuia njia wala kulalia nyumba, uache. Kabla hujagusa chochote, piga picha kila upande (sababu iko swali la 19).

4. Waya wa TANESCO umelala uani, na umeme umekatika mtaa mzima. Naweza kuusogeza kwa mti mkavu?

Hapana, hata kwa mti mkavu. Umeme uliokatika unaweza kurudishwa bila taarifa, na jenereta la mtu aliyeliunganisha vibaya linaweza kuupa waya ule nguvu kutoka upande usioutarajia. Kaa mbali angalau mita 10, zuia watoto na mifugo, piga 180, na mtu mzima mmoja abaki pale kuwaonya wapita njia. Madimbwi na uzio wa seng'enge unaogusana na waya vihesabu kuwa navyo vina umeme.

5. Maji yaliingia ndani hadi kwenye soketi. Yakishakauka niwashe?

Zima swichi kuu kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu, kisha usiwashe mpaka fundi umeme mwenye leseni afungue soketi na kupima. Ukuta unaoonekana mkavu kwa nje huwa bado una maji ndani ya mabomba ya waya.

Wenye umeme wa jua wana lao: paneli huendelea kuzalisha maadamu kuna mwanga, hata ikiwa imepasuka na waya zimekatika. Ifunike kwa turubai au blanketi zito kabla ya kuishika. Wenye jenereta waliweke nje, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na baraza lililozungushiwa ukuta si nje.

## Paa

6. Bati limeng'oka na mvua bado inanyesha. Nifanye nini usiku huu?

Usipande. Bati lenye maji linateleza, na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) iliyokwisha kutikiswa haijulikani kama itakubeba. Hamisheni magodoro na vyakula kwenye chumba kilichobaki na paa, tandikeni turubai ndani juu ya vitu, muwe wavumilivu mpaka kuche.

Asubuhi turubai lipande juu ya paa. Likunje lipite juu ya kofia (bati linalofunika kilele) na kushuka upande wa pili angalau mita moja, maana turubai linaloishia kileleni huingiza maji kwa nyuma. Kingo zake zizungushie papi (ubao mwembamba) kisha upigilie papi hiyo kwenye mbao za paa. Ukipigilia misumari moja kwa moja kwenye turubai litachanika usiku wa kwanza. Kamba peke yake haitoshi.

7. Kwa nini paa langu limeondoka na la jirani, tuliyejenga naye mwaka mmoja, limebaki?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake mara nyingi halihusu unene wa bati. Geji 28 ni nene kuliko geji 32, sawa, lakini bati nene lililoshikiliwa na misumari michache huruka zima zima na kwenda kuua mtu.

Watu wengi hudhani upepo hulisukuma paa. Zaidi ya kulisukuma, hulinyonya kwenda juu, na hunyonya kwa nguvu zaidi kwenye kingo, pembeni na kileleni. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Basi tazama mambo manne, ukianzia juu.

Kwanza misumari. Fundi anayebana gharama hupigilia kwa kuruka migongo mingi ya bati. Katikati ya paa hilo laweza kuvumilika, lakini kwenye mistari ya kingo na ya kofia kila mgongo unahitaji msumari. Pili papi: je, imeshikwa na kenchi kwa msumari mmoja tu ulionyooka? Huo hutoka kama ulivyoingia. Ongeza waya wa kufungia nondo au bendi ya chuma ipite juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi. Tatu, na hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa, kenchi na ukuta. Utaona paa limenyanyuka likiwa kamili, kenchi na mabati pamoja, na kutua kiwanja cha pili. Halikushikwa na kitu zaidi ya uzito wake. Wakati wa kumwaga linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), achwe nondo au waya mnene unaochomoza ili ufungwe kwenye kila kenchi. Nne, urefu wa paa linalochomoza nje ya ukuta: likizidi nusu mita hivi upepo hupata pa kulishikia kutoka chini. Baraza lipewe paa lake lenyewe, lililotengana na la nyumba, ili likienda liende peke yake.

Na mchwa. Mbao ikiliwa, yote niliyosema hapo juu hayana pa kushika.

8. Mabati yaliyokunjika yanafaa kurudishwa?

Yaliyopinda kidogo yanafaa jikoni au bandani. Kwenye nyumba, shida ni matundu ya zamani: msumari mpya kwenye tundu la zamani haushiki, na tundu likiachwa wazi huvuja. Lisogeze bati ili msumari uingie mahali papya kwenye mbao, na matundu ya zamani uyazibe kwa lami au silikoni. Bati lililopasuka kuzunguka msumari halifai tena.

9. Mawe na matairi juu ya paa yanasaidia?

Kwa upepo wa kawaida huzuia bati lisipige kelele. Kwa upepo wa kweli tairi huondoka na bati, na jiwe huanguka kwa walio ndani. Viroba vya mchanga vina afadhali, vikifungwa viwili viwili kwa kamba na kuning'inizwa pande mbili za kofia, lakini hiyo ni hatua ya siku moja wakati unasubiri fundi.

10. Tulifundishwa kufungua madirisha ili upepo upite. Ni kweli?

Si kweli. Upepo ukiingia ndani hulisukuma paa kutoka chini huku wa nje ukilinyonya kutoka juu. Funga milango na madirisha yote, na dirisha lisilofungika lizibe kwa mbao.

11. Makuti je?

Makuti yana fadhila moja: yakiruka hayakati mtu. Kuezeka upya ni kazi ya siku chache kama makuti yapo, na baada ya dhoruba malighafi yake imelala chini kila mahali. Yaliyoanguka mabichi yanasukwa vizuri. Usiyachome kwa haraka ya kusafisha ua.

## Ukuta, maji na chakula

12. Ufa upi ni wa kuogopesha?

Ufa mwembamba kwenye lipu unaweza kusubiri. Toka ndani ya nyumba ukiona ufa wa mshazari unaoingia kidole kwenye pembe ya mlango au dirisha, ukuta uliotengana na mwenzake kwenye kona, au linta iliyochezeshwa na paa lilipoondoka. Nyumba za miti na udongo zina hila yake: hulowa chini, zikasimama wakati wa mvua, kisha huanguka siku mbili tatu baadaye jua linapowaka. Msilale karibu na ukuta wa namna hiyo hata kama umeonekana kukauka. Chimba mfereji wa kuondoa maji kwenye msingi kabla ya kukandika upya.

13. Kisima kilifunikwa na maji ya mvua. Tunywe?

Msinywe mpaka kitekwe maji yote machafu na kutiwa klorini, hasa kikiwa chini ya mteremko wa choo cha shimo. Bwana afya wa kata ndiye wa kuulizwa kipimo cha kisima kizima. Kwa maji ya nyumbani, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika nzima, au tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji yaliyobaki na tope dawa haiyafanyi kazi ipasavyo, kwa hiyo usiruke kuchuja. Kipindupindu hufuata mafuriko, na choo kilichofurika kikwepwe hata na wanaonawa miguu tu.

14. Friji limekaa bila umeme tangu jana. Samaki watupwe?

Friji lisilofunguliwa huhifadhi ubaridi kama saa 4. Jokofu la kugandisha lililojaa laweza kufika saa 48, lililojaa nusu hufika nusu ya muda huo. Samaki akiwa bado na barafu anaweza kukaangwa leo hii. Akiwa ameshalainika na kupata joto, usimwonje kutafuta uhakika. Unga uliolowa maji ya mafuriko hauanikwi ukaliwa.

## Bustani na shamba

15. Migomba yote imelala. Imekufa?

Shina lililovunjika halitazaa tena, lakini mgomba haufi kwa hilo. Kata shina karibu na ardhi, acha machipukizi mawili au matatu yenye afya, lundika majani juu ya udongo, na ndizi zitarudi. Mkungu uliokaribia kukomaa kata upeleke ndani. Mkungu mchanga ni mboga ya leo. Mgomba uliong'oka na kisiki chake chote unafukiwa tena baada ya kukata majani. Safari ijayo tegemeza mkungu kwa miti miwili iliyopishana upande unaoinamia.

16. Mnazi umeinama, mwingine umekatika kileleni. Upi wa kukata?

Mnazi una sehemu moja tu ya kukulia, nayo ni kilele. Kikivunjika mnazi umekufa, hata kama makuti yaliyobaki yatakaa kijani kwa muda na kukupa matumaini. Ulioinama na mizizi yake bado imeshika uache: kilele chenyewe kitapinda na kuelekea juu, ndiyo maana minazi mingi ya ufukweni ina migongo. Mdogo usiozidi kimo cha mtu waweza kusimamishwa na kukandamizwa udongo siku zile zile, ardhi ikiwa bado laini.

Mnazi uliosimama lakini umepoteza makuti mengi utadondosha vidaka, na mavuno yatapungua mwaka mzima au zaidi. Usiukate kwa hasira. Maua ya nazi za mwakani yalikwisha kuanza kutengenezwa ndani ya kilele kabla ya upepo, kwa hiyo pigo lake huchelewa kuonekana na huchelewa kuisha.

Magogo ndiyo yanayosahaulika. Mnazi unaooza chini ndipo chonga anapotaga, na funza wake wakishakua mbawakawa hao wenye pembe hupanda kutoboa vilele vya minazi iliyonusurika. Dhoruba ikikuachia minazi kumi, chonga anaweza kukumalizia iliyobaki miaka miwili inayofuata. Pasua magogo yakauke na uyachome, au uza nusu ya chini ya mnazi mzee, ambayo ni ngumu na hutoa mbao nzuri. Nusu ya juu ni laini, haifai kujengea.

17. Mwembe umepasuka na mkorosho umelala. Tunaokoa?

Mwembe uliopasuka tawi huokoka ukikatwa vizuri. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza chini, kidogo, mbali na shina, kisha juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchubua gome, mwishowe kisiki kilichobaki, karibu na uvimbe pale tawi linapoungana na shina, bila kuukata uvimbe wenyewe. Kidonda hakihitaji rangi wala lami.

Mkorosho uliolala na mizizi ya upande mmoja ikiwa ardhini huendelea kuzaa ukiwa umelala. Ukikatika shina, kisiki huchipua, na machipukizi yake yanaweza kubebeshwa mbegu bora. Mtwara mkiwa karibu na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele mna bahati, vikonyo (vijiti vya kubebeshea) na ushauri viko huko.

Onyo moja la lazima: mti mkubwa uliong'oka na kuacha shimo chini ya mizizi, mtu akiukata shina, kisiki kinaweza kurudi ghafla kukaa shimoni. Hakikisha hakuna mtoto aliyeingia humo kucheza. Na msumeno wa mnyororo si kifaa cha kujifunzia siku ya maafa.

18. Muhogo, mipapai na mboga zimekaa kwenye maji. Na maji ya bahari yakifika shamba?

Mpapai hauvumilii maji yaliyosimama, siku mbili tatu humaliza mizizi. Muhogo uliolala lakini wenye udongo uliokauka haraka uache. Ukiwa ndani ya dimbwi, chimba kabla haujaoza na utengeneze makopa. Kama ni aina chungu, usifupishe kuloweka wala kukausha kwa sababu ya njaa au mawingu. Muhogo mchungu usiotayarishwa vyema huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, na Mtwara imewahi kuuona. Mboga za majani zilizoguswa na maji ya choo zing'olewe, hata zikioshwa.

Maji ya bahari yakipanda, jani huungua kuanzia ncha. Mnazi hustahimili, maharage na mchicha haviwezi. Udongo wa mchanga husafishwa na mvua ukiupa mifereji; wa mfinyanzi huchukua muda zaidi. Ukitaka kitu cha haraka kwenye ardhi isiyo na chumvi, panda mchicha unaovunwa ndani ya mwezi, na uchomeke vipande vya matembele.

## Jirani, karatasi na mengine

19. Nitalipwa na nani?

Msaada wa maafa ni msaada, si fidia. Peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji mapema, na picha zako, kwa sababu tathmini hufanywa mara moja na nyumba iliyokwisha kukarabatiwa haihesabiki kirahisi. Mwenye bima asome mkataba: bima nyingi za nyumba zimeandikwa kwa ajili ya moto, na dhoruba au mafuriko ni kipengele cha kuongezwa. Toa taarifa kwa kampuni kabla ya ukarabati mkubwa, lakini turubai usilisubirishe, weka risiti.

Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na asijikatie gharama za matengenezo kwenye kodi bila makubaliano yaliyoandikwa.

20. Mti wa jirani umeangukia choo changu.

Jambo la kuuliza ni kama hatari ilikuwa inajulikana. Mti mzima ulioangushwa na upepo mkubwa ni vigumu kumbebesha mtu lawama. Mti uliooza, uliowahi kumlalamikia mbele ya mwenyekiti, ni habari nyingine. Kwa vyovyote malizeni kwa mazungumzo serikali ya mtaa ikiwepo: yeye achukue kuni, wewe upate nguvu kazi ya kujenga choo. Makubaliano ya namna hiyo huisha wiki moja.

21. Paa letu ni la zamani, si la bati, ni vigae vya kijivu vya kama saruji. Tuvikusanye?

Huenda ni asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu), iliyoezekwa kwenye majengo mengi ya taasisi na nyumba za zamani. Isivunjwe, isifagiliwe ikiwa kavu, isichomwe. Iloweshe maji, funika pua kwa barakoa nzuri, na mwombe afisa afya aelekeze pa kuipeleka. Usimpe mtu akaezekee banda la kuku.

22. Mabati ya mtu yametua shambani kwangu. Ni ya nani?

Ni ya mwenyewe. Rangi, geji na mpangilio wa matundu vitamtambulisha. Yasiyojulikana yaandikwe kwa mwenyekiti kabla mtu hajaanza kuyapigilia kwake. Wakati huo yalaze chini na uyafunge, kwa sababu bati lililoegemezwa ukutani ndilo linalokata watu upepo ukirudi.